Moyo Ulikataa, Hesabu Ikakubali (Sehemu ya Sita)

Juma lililopita niliachia mahali pabaya, na lawama zenu nimezipata. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba yangu hapa Kizwite, saa moja asubuhi, baridi ya mwezi wa saba inakata masikio, nagonga mlango na hakuna anayefungua. Ndani alikuwamo mama mkwe wangu, Bibi Justa, pamoja na binti yangu Anjela wa miaka saba.

Anayeanza kunisoma leo nitamweka sawa kwa maneno machache. Naitwa Fabiani. Miaka tisa nimeuza mbegu, mbolea na dawa za mahindi kwenye duka la pembejeo hapa Sumbawanga mjini. Mwaka jana ghala letu la shambani, kule Mollo, lilivunjwa. Moyo wangu ukaniambia mwizi ni Oswaldi, jirani yangu wa nyumba ya pili. Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na moyo tu. Nikampigia kelele ya mwizi barabarani, watu wakamshukia. Wezi wenyewe walikamatwa wiki tatu baadaye na magunia yetu wakiwa nayo. Oswaldi anatembea na fimbo mpaka leo.

Siku ile niliapa. Moyo wangu nisingeusikiliza tena kwa jambo lolote. Nikawa mtu wa hesabu. Mtu akiniambia "nahisi", namjibu "toa sababu". Mke wangu Silvana alilichoka neno hilo kuliko watu wote.

Mahindi ya mwaka huu tukayaleta nyumbani, magunia ishirini, tukayajaza chumba cha nyuma. Ghala hatukuliamini tena. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wakaingia. Nikanunua vidonge vya kufukizia, vile vinavyotoa hewa ya sumu na kuua kila kilicho hai chini ya turubai. Silvana akaliona kopo.

"Baba Anjela, hivyo vidonge humu ndani usitie."

"Kwa nini?"

"Moyo wangu haukubali."

"Toa sababu."

Alinitazama, akatazama kopo, akamhamisha mtoto mchanga bega.

"Sababu sina," alisema. "Haukubali tu."

Nikamwahidi sitatia. Jumatatu akaenda Mollo kuvuna ulezi, mtoto wetu mchanga Kelvin mgongoni. Jumatano asubuhi nikatia.

Hayo mnayajua. Lakini kuna kitu juma lililopita nilikificha, na leo nakitoa kabla hatujarudi mlangoni.

Bibi Justa alifika Jumatano kutoka Milepa, kule chini bondeni, ili Anjela asibaki bila mtu wakati mama yake yuko shambani. Mimi nimelelewa kwa adabu za zamani. Mama mkwe simsemeshi uso kwa uso. Neno langu linapitia kwa mtoto, na lake linarudi kwa njia hiyo hiyo. Chumba anacholala siingii, na tangu mimba ya Kelvin chumba cha katikati ni chake, hata akiwa Milepa nguo zake zimo. Mke wangu akiwa hayupo, silali nyumba moja na mama yake. Kwa hiyo nilikuwa nalala kwa kaka yangu Adriano, mtaa wa pili, na kuja asubuhi na jioni kuangalia mambo.

Alhamisi jioni nilikuwa nimekaa kwenye kiti nje ya mlango. Anjela akatoka.

"Baba, bibi anauliza, hii harufu ya kitunguu saumu inatoka wapi?"

Moyo ulinipiga. Siyo kushtuka kidogo, ulinipiga mpaka nikashika kiti.

Nikafanya nilichoapa kufanya. Nikahesabu. Mlango wa chumba cha mahindi nimeufunga kwa ufunguo. Pembeni mwa mlango nimebandika karatasi ya gundi, juu mpaka chini. Turubai nimelikandamiza kwa udongo mbichi. Ukuta ni wa tofali za kuchoma. Vidonge nimeweka kwa kipimo, na kipimo nakijua, nimewafundisha wakulima wangapi. Kopo limeandikwa visitiwe nyumba wanamoishi watu, lakini katika chumba kile haishi mtu, yanaishi mahindi.

"Mwambie bibi ni dawa ya mahindi, haina neno. Kile chumba tu asikifungue."

Akaingia, akarudi.

"Bibi anasema amesikia. Anasema kichwa kinamgonga, ni baridi ya huku juu."

Nilimsikia akikohoa. Watu wa bondeni hawaiwezi baridi yetu, na Bibi Justa alikuwa ameziba dirisha kwa vitenge viwili, naviona kutoka nje. Kutoka kwenye kiti changu mpaka kitanda chake hazifiki hatua kumi. Ningeingia ningeona kwa macho yangu. Lakini mkwe anaingiaje chumba cha mama mkwe? Kwa sababu gani? Sababu sikuwa nayo. Nilikuwa na moyo unaodunda, na moyo ndio uliomvunja Oswaldi mguu.

"Mwambie bibi mlale salama," nilimwambia Anjela, nikaenda kwa Adriano.

Sasa turudi mlangoni.

Nilisikia komeo likisogea, likakwama, likasogea tena. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono. Anjela alikuwa amepiga magoti. Gauni lake lote mbele lilikuwa matapishi.

"Baba, bibi haamki."

Akalala pale pale kizingitini.

Nilimruka mwanangu, Mungu anisamehe, nikakimbilia chumba cha katikati. Nikafika mlangoni nikasimama. Naona aibu kuandika haya. Mtoto yuko sakafuni nyuma yangu, mama mkwe amelala mbele yangu nusu kitandani nusu chini, kitambaa cha kichwa kimemtoka, na miguu yangu inangoja mtu aniruhusu. Sijui nilisimama muda gani. Nilimwita, "Mama! Mama!" Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi kumwita bila kupitisha neno kwa mtu.

Nikaingia. Nikapitisha mikono chini yake. Nilipomwinua, macho yangu yakaelekea juu.

Dari la chumba kile lilikuwa na pengo. Mbao mbili hazipo. Fundi alizitoa masika, paa lilipokuwa linavuja, na hakuzirudisha. Silvana anajua. Anjela anajua, amelala chini ya pengo hilo miezi mitano. Mwenye nyumba ndiye asiyejua, kwa sababu ya adabu zake.

Na chumba cha mahindi hakina dari kabisa. Kuta zetu za ndani zinaishia usawa wa dari, na juu ya hapo nyumba nzima ni hewa moja.

Nilijua. Sikukisia, nilijua, hapa chini ya kifua. Hewa ilipanda kutoka kwenye mahindi, ikapita juu ya ukuta wangu wa tofali za kuchoma, ikashukia kwenye pengo lile mpaka kitandani.

Nilimtoa mama mkwe, nikamtoa mtoto. Mwenye bajaji aliyekuwa akipita alisimama bila kuitwa. "Mzee, pakia, pakia!" alisema. Kabla ya kupanda nilirudi nikafunga mlango wa nje kwa ufunguo. Madirisha sikuyagusa. Unajua kwa nini niliufunga mlango? Ndani mlikuwa na mahindi.

Njiani hesabu ilikuja kunitetea.

Bibi Justa alikuja na kambale wakavu kutoka ziwani Rukwa. Alhamisi mchana aliwapika. Walikula yeye na Anjela. Mimi sikula, nilikula kwa Adriano. Wawili wamekula, wawili wanaumwa. Mmoja hakula, mmoja ni mzima. Nilipofika hospitali jibu lilikuwa limeshatoka, safi kabisa, hata mwalimu angelipigia tiki.

Kulikuwa na mstari mwingine kwenye hesabu ile. Wawili wamelala mle, wawili wanaumwa. Mmoja hakulala mle, mmoja ni mzima. Mstari huo sikuuandika.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, anaitwa Agnesi. Alimpokea Anjela mikononi mwangu, akaweka kidole shingoni kwake, akamtazama muuguzi. Mama mkwe wakamweka kitanda cha pembeni.

"Walikula nini?"

"Kambale," nilisema. "Wakavu. Wa kutoka Milepa."

"Nani mwingine alikula?"

"Hakuna. Wao wawili tu."

"Kuna dawa yoyote nyumbani? Ya panya, ya mifugo, ya shamba?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Hakuna aliyenishika koo.

"Hakuna," nilisema.

Kuna msomaji mmoja wa Namanyere aliniandikia baada ya sehemu ya tatu: "Kaka, tatizo lako hutumii akili." Ndugu yangu, nilitumia. Akili haikunipungukia hata kidogo asubuhi ile. Nilifikiri vizuri kuliko siku zote. Nilifikiri kwamba nikisema, nakamatwa. Nikikamatwa, kazi imekwisha, Silvana ana mtoto mchanga, Anjela akipona atatunzwa na nani? Tena vidonge nilivipima mimi mwenyewe, haviwezi kuwa vyenyewe. Tena daktari atajua la kufanya bila mimi. Kila sababu ilisimama imara. Akili yangu ilikuwa wakili, na mshtakiwa alikuwa mimi, na wakili alikuwa mzuri.

Simu ikalia. Silvana, kutoka Mollo. Adriano alikuwa amempa habari.

"Anjela yukoje? Mama yukoje?"

"Wako kwa daktari. Wamekula samaki mbaya."

Nilisikia upepo wa Mollo kwenye simu, na Kelvin akilalama.

"Fabiani." Akiniita jina, si baba Anjela, huwa kuna jambo. "Ulitia vile vidonge?"

"Sikutia."

"Niapie."

"Silvana, mtoto anaumwa, unataka viapo? Nimekwambia sikutia. Ni samaki."

"Moyo wangu—"

"Moyo wako una nini? Toa sababu!"

Nilimfokea mke wangu, korido nzima inasikia. Alianza kulia taratibu.

"Nakuja hospitali," alisema. "Nimepata bodaboda."

Hapo nikafanya hesabu ya mwisho, na hii ndiyo iliyonifanya nianze kuandika mkasa huu gazetini. Silvana aliliona kopo. Silvana akifika hapa atauliza mbele ya daktari. Silvana hana adabu ya kunyamaza mwanawe akiumwa.

"Usije huku," nilimwambia. "Wodi imejaa, na mtoto mchanga hawamruhusu. Nenda nyumbani, ufunguo wako unao. Upike uji, upumzike kidogo, umnyonyeshe Kelvin. Mchana ulete uji na nguo za mama."

"Nguo zake ziko chumbani kwake."

"Ndiyo. Hapo hapo."

Nilisema hivyo. "Hapo hapo." Wakati nasema, moyo ulinipiga mara ya pili, kama jioni ile. Niliuambia nyamaza.

Saa nne ikapita. Bibi Justa alifumbua macho. Walikuwa wamemwekea mpira wa hewa puani. Alinitafuta, akaniona nimesimama miguuni mwa kitanda, akageuza uso kutazama ukuta. Hata pale, hata katika hali ile, hakunisemesha. Akamshika muuguzi mkono.

"Mwanangu, mkwe wangu yuko hapo?"

"Yupo, bibi."

"Mwambie anisamehe."

Muuguzi akanitazama. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja, nimesikia kila kitu, lakini alirudia kwa heshima. "Bibi anasema umsamehe."

"Mwambie samaki nilimnunua kwa mtu nisiyemjua," alisema Bibi Justa. Pumzi ilimkatika, akaivuta tena. "Njiani. Nilimwona ana rangi mbaya, moyo ukanikataza. Nikasema, samaki ni samaki, mjukuu wangu anapenda kambale. Mwambie nimemuua mtoto wake kwa mkono wangu."

"Bibi, mtoto hajafa," muuguzi alisema.

"Mwambie."

Muuguzi alinigeukia, lakini safari hii hakurudia maneno. Alikuwa analia.

Na mimi nilikaa kimya. Ndugu msomaji, nilikaa kimya. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyenipa mke, aliyemwogesha Anjela siku aliyozaliwa, amelala amevuta sumu yangu na ananiomba mimi msamaha. Ilitosha kufungua mdomo. Badala yake nikasema kitu ambacho sitakisahau mpaka nizikwe.

"Mwambieni nimemsamehe."

Bibi Justa akaitikia kwa kichwa. Akapiga makofi mawili madogo, viganja vikigusana kwa shida, kama tunavyoshukuru wakwe. Kisha mikono ikaanguka juu ya shuka na hakuiinua tena.

Wakavuta pazia, wakamzunguka. Mimi nikatolewa nje.

Saa tano na nusu daktari Agnesi alitoka. Alinishika kiwiko, akanipeleka pembeni karibu na ndoo ya maji ya kunawa.

"Baba Anjela, nisikilize vizuri. Bibi bado anapumua. Mtoto moyo wake unakwenda vibaya, na mapafu yanaanza kujaa maji. Hii siyo kazi ya samaki."

"Wamekula wote wawili, daktari. Mimi sikula."

"Najua. Ulishaniambia mara tatu." Alinitazama. "Mimi nimesoma miaka mingi kuamini vipimo. Sina kipimo hapa cha kukuambia unanidanganya. Lakini tangu asubuhi, kila nikikutazama, tumbo langu linaniambia unakijua kitu. Sina sababu. Nakuuliza tu kwa mara ya mwisho, kabla mtoto hajafika mahali nisipoweza kumrudisha."

Sina sababu. Maneno ya Silvana.

Wakili wangu alisimama kujibu. Nilimsikia akipanga hoja. Kisha kupitia mlango uliokuwa wazi nikauona mguu wa Anjela umetoka kwenye shuka, na kidole gumba kilikuwa bado na tope la kuchezea jana. Nikakaa chini pale pale.

"Nilitia vidonge," nilisema.

"Vidonge gani?"

Nikamtajia. Nikamweleza turubai, chumba, pengo la dari. Nilisema yote pale chini, nimekaa kwenye sakafu yenye maji. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alipiga kelele ndani, "Oksijeni iongezwe kwa mtoto! Piga simu kwa bingwa!" kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Hiyo haina dawa ya kuifuta. Tutapigania moyo na mapafu mpaka mwili uitoe wenyewe. Ungesema saa mbili asubuhi..." Hakumalizia. "Madirisha ya nyumba mliyaacha wazi?"

"Yamefungwa. Yamezibwa na vitenge."

"Vidonge bado vimo?"

"Vimo. Vinakaa siku kadhaa."

"Na sasa hivi, kwenye hiyo nyumba, yuko nani?"

Nilimtazama daktari. Naapa kwamba mpaka sekunde ile sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, kesi, kazi, kopo, kipimo, isipokuwa hilo.

"Mke wangu," nilisema. "Na mtoto wa miezi minne. Nimewatuma mimi."

Nikampigia Silvana. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu nilikuwa naongea nayo, pokea mama, pokea. Haikupokelewa. Adriano simu yake ilikuwa imezimwa. Daktari alikuwa anawapigia zimamoto, nasikia anaeleza njia ya Kizwite, na kutoka hospitali mpaka kwangu kwa bajaji ni robo saa.

Jirani mwenye simu, mwenye kukaa nyumbani mchana, ni mmoja tu. Anakaa nyumbani kwa sababu hawezi tena kazi ya kubeba. Namba yake ilikuwa bado kwenye simu yangu, nimeandika "Oswaldi jirani". Mwaka mzima hatujasemeshana.

Moyo uliniambia hatapokea. Akili ikaniambia hana sababu hata moja ya kupokea. Tangu nianze kuandika mkasa huu, hiyo ndiyo mara ya kwanza viwili hivyo vinakubaliana, na vyote vilikosea. Alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Nakusikia, Fabiani."

"Oswaldi, ni mimi."

"Najua. Namba yako sikuifuta."

"Silvana yuko ndani na mtoto. Nyumba ina sumu, nimetia mimi vidonge vya mahindi. Simu hapokei. Oswaldi, nakuomba, kawatoe. Fungua madirisha. Usivute pumzi ndani. Nakuomba kwa jina la—"

"Acha kuomba. Ninatoka."

Nilimsikia akitoka. Mguu, fimbo. Mguu, fimbo. Kwa mtu mzima ni hatua ishirini. Nilizihesabu zake zote, na kila moja ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyezifanya ziwe nzito vile.

"Silvana! Mama Anjela!" Akagonga. "Mlango umefungwa. Komeo la ndani."

Tulilitia komeo hilo baada ya wizi. Yeye anajua ni baada ya wizi gani.

"Unasikia chochote?"

"Mtoto analia. Yuko mbali kidogo, ndani." Akasikiliza tena. "Mama simsikii."

"Vunja! Vunja mlango!"

Nilisikia upepo tu, na pumzi zake.

"Oswaldi?"

"Nipo. Fabiani, ni saa sita mchana. Barabarani kuna watu. Mtaa huu wote uliniona nimelala pale chini, na wewe ndiye uliyewaambia mimi ni nani. Leo wananiona navunja mlango wako, nawe hupo." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa inauliza kweli. "Watasema nini?"

"Waambie nimekutuma!"

"Nitawaambia. Mwaka jana pia niliwaambia."

"Weka simu sauti kubwa. Iweke sauti kubwa, usikate, nitawaambia mimi mwenyewe. Oswaldi, mwanangu yumo!"

Nikasikia fimbo ikiegemezwa ukutani.

"Haya," alisema.

Bega likagonga mbao. Mara moja. Mara ya pili. Ubao ukalia, komeo halikutoka. Kelvin alikuwa akilia, sasa namsikia mwenyewe, kilio kifupi kifupi cha mtoto aliyechoka. Bega likagonga mara ya tatu.

Ndipo mwanamke mmoja akapiga yowe barabarani. Namjua kwa sauti, ni mama wa genge la nyanya, mtu mwema, hajawahi kumkosea mtu.

"Mwizi! Jamani njooni! Oswaldi anavunja kwa Fabiani! Mwizi!"

"Siyo mwizi!" nilipiga kelele kwenye simu. "Ni mimi Fabiani! Nimemtuma mimi! Mwacheni avunje!"

Korido nzima iligeuka kunitazama. Daktari Agnesi alisimama na simu yake sikioni. Nilisikia miguu ikija mbio kule, mingi, na mawe yakiokotwa. Nikamsikia Oswaldi akisema, "Sikilizeni simu, sikilizeni simu jamani," kisha kitu kikamgonga, na simu ikaanguka chini. Haikukatika. Nikaendelea kupiga kelele, siyo mwizi, siyo mwizi, mpaka sauti ikanikauka, na chini ya vurugu ile yote bado nilikuwa namsikia mwanangu akilia nyuma ya mlango.

Kisha nikawa simsikii tena.